Deni lisilo na tarehe haliuziki

Kuna karatasi mbili ambazo mfanyabiashara wa Mbeya anaweza kuwa nazo juma hili, na zote mbili mdaiwa wake ni Serikali. Ya kwanza ni dhamana ya Serikali ya muda mfupi, ile ambayo Benki Kuu huiuza kwa mnada, ya siku 35, 91, 182 au 364, na kiwango cha kuanzia ni shilingi 500,000. (Kuiita karatasi ni mazoea tu, siku hizi ni jina lako na kiasi chako kwenye rejesta ya kompyuta.) Ya pili ni ankara ya mchele na maharage yaliyopelekwa shule ya bweni. Ina muhuri wa stoo, ina sahihi ya aliyepokea mzigo, na nyuma yake imebanwa nakala ya LPO, yaani agizo la kununua.

Ukibanwa na shida ya fedha kabla ile ya kwanza haijaiva, mazungumzo na benki hayachukui muda. Wataangalia imebakiza siku ngapi, watapiga hesabu, na ama utaiuza ama utaiweka rehani. Sasa nenda na ya pili. Afisa mikopo ataigeuza mbele na nyuma kwa heshima zote, kisha atauliza: "Mama, nyumba ina hati?"

Hazina ni ile ile, na kodi zitakazolipa madeni hayo mawili zinatoka mifuko ile ile. Anayedhani benki zinaikataa ankara kwa kuwa haziiamini Serikali hajatazama vizuri, maana benki hizo hizo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa dhamana za Serikali. Tofauti ipo kwenye maandishi yenyewe. Dhamana inataja kiasi, inataja siku, na haina neno "endapo". Ankara inataja kiasi, basi. Siku ya kulipwa haimo kwenye ankara, haimo kwenye LPO, na ukienda kuiulizia ofisini unajibiwa kwa upole kwamba fungu halijashuka.

Nina hoja moja hapa. Nyanda za Juu Kusini zina mali, na zina wadai wengi mno. Zinachokosa ni wadaiwa walioshika kalamu na kuandika: nadaiwa kiasi hiki, nitalipa tarehe hii. Mpaka hapo, kila mradi wa mikopo nafuu tunaoletewa utakuwa unamkopesha mtu hela yake mwenyewe, kwa riba.

Sheria ya jambo hili si ngeni. Imo kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 215, na imefuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Inashughulika na ndugu watatu. Yupo agizo la kulipa, ambapo mtu anamwandikia mdaiwa wake amlipe mtu wa tatu, na mdaiwa akikubali anasaini. Ipo hundi, ambayo ni agizo hilo hilo likielekezwa kwa benki na kulipwa linapowasilishwa. Na ipo hati ya ahadi, ambapo mdaiwa mwenyewe anaahidi. Masharti hayazidi vidole vya mkono mmoja: iwe maandishi, isainiwe, kiasi kijulikane, siku ijulikane au iweze kupigiwa hesabu, na ahadi isifungwe na sharti lolote. Ukishaandika "nitamlipa fulani au yeyote atakayemwelekeza", karatasi imepata miguu. Mwenye nayo anasaini mgongoni na kumpa mwingine. Huyo mwingine, kama ameinunua kwa nia njema, kwa thamani, na kabla ya siku yake kupita, anamdai mdaiwa moja kwa moja bila kuingizwa kwenye ugomvi wenu wa zamani wa magunia yaliyolowa.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho ningependa kila mzabuni wa Iringa na Mbeya akijue. Hati inayolipwa kwa kutegemea jambo ambalo huenda likatokea au lisitokee si hati. Na hata jambo hilo likija kutokea baadaye, ule ubovu hauponi. Kadhalika, agizo la kulipa kutoka kwenye fungu moja tu maalumu halihesabiwi kuwa agizo lisilo na sharti. Kwa hiyo "utalipwa fungu likishuka" si ucheleweshaji tu wa kiofisi. Ni maneno yanayoiondoa karatasi yako kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuuzwa.

Tutazame biashara za huku zinavyokwenda. Mbao zinapakiwa Mafinga kwenda Dar es Salaam kwa mali kauli, na mwenye mbao anabaki na namba ya simu ya mnunuzi na namba ya lori. Igurusi na Ubaruku, mpunga unalazwa kwenye ghala la mashine ya kukoboa, mkulima anaondoka na kikaratasi chenye idadi ya magunia. Rungwe na Mufindi, jani la chai linapimwa siku hadi siku, fedha zinakuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine mwisho wa mwezi una tabia ya kusogea. Wafugaji wa Njombe wanapeleka maziwa asubuhi, hesabu inaandikwa daftarini. Wa nyanya za Ilula ndio pekee wasio na anasa ya kudai, maana nyanya haingoji. Wanauza kwa bei yoyote iliyosimama barabarani.

Daftari, kikaratasi cha mashine, kadi ya jani la chai, ankara ya mbao: vyote hivyo ni ushahidi kwamba mtu fulani anadaiwa. Ushahidi utakusaidia mahakamani. Dirishani benki hausaidii, kwa sababu mnunuzi wa deni hanunui haki yako ya kwenda kushtaki. Ananunua siku.

Mkopeshaji wa mtaani ameelewa jambo hili kuliko maofisa wetu wengi. Kwa nini wale wa kausha damu hupenda kushika kadi ya benki ya mwalimu au ya mstaafu? Kadi yenyewe ni kipande cha plastiki. Ila nyuma yake kuna mshahara au pensheni yenye mwezi wake na kiasi chake, inayolipwa na mdaiwa asiyekimbia. Kadi ile ni hati yenye tarehe. Ni biashara chafu, Serikali imeikemea mara nyingi, na bado inaendelea, kwa sababu imejengwa juu ya kitu cha kweli. Mwenye duka anayeidai kampuni kubwa milioni 30 hapewi hela kwa ankara yake, lakini mwalimu wa jirani anapewa kwa kadi.

Hapa lazima nigusie LPO, maana imetia watu wengi hasara. Mtu akipata LPO mkononi anatembea nayo kama vile amelipwa. LPO ni agizo la kununua. Hakuna deni mpaka mzigo ufike, upimwe, ukubaliwe, na ankara ipokelewe. Benki zinazotoa fedha kwa LPO zinakukopesha wewe, kwa kuamini kwamba utapeleka mzigo sawasawa, na ndiyo maana zinaomba dhamana nyingine juu yake. Zinazotoa fedha kwa ankara zinasogea hatua moja mbele, kwa kuwa mzigo umeshafika. Hata hivyo zitataka barua ya mhasibu wa taasisi unayoidai, akithibitisha kwamba malipo yatapitia kwenye akaunti yako ya benki hiyo na hayatahamishwa kwingine bila benki kuridhia. Jaribu kuipata barua hiyo. Mhasibu atakuambia mwanasheria aione, mwanasheria atakuambia mkurugenzi yuko safari. Na hiyo ni barua inayosema fedha zitapita wapi tu, haijasema lini.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu haya ni malalamiko.

Tuseme umepeleka bidhaa za shilingi milioni 20. Zilikugharimu milioni 17.5 pamoja na usafiri. Mnunuzi atalipa baada ya siku 120, na mtu yuko tayari kuinunua hati yake kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Punguzo ni milioni 20 mara asilimia 18 mara 120 gawanya kwa 365, yaani shilingi 1,183,562. Utaondoka na 18,816,438 leo. Faida yako imeshuka kutoka milioni 2.5 hadi 1,316,438, na hapo wengi husema, "Sasa nimefanya kazi ya nani?"

Swali zuri, jibu lake liko kwenye mzunguko. Kama kununua, kupakia na kupeleka kunachukua siku 30, anayesubiri anamaliza mzunguko mmoja kwa siku 150: faida milioni 2.5. Anayeuza hati yake kila mara anazunguka mara tano ndani ya siku hizo hizo: 1,316,438 mara tano ni 6,582,190. Hapo nimedhani oda zipo, na oda hazipo kila mwezi. Lakini hata ukipata oda tatu tu umemzidi anayesubiri kwa mbali. Kama badala yake umekwenda kuchukua ile milioni 17.5 kwa mtu wa asilimia 10 kwa mwezi, miezi minne ni milioni 7 za riba peke yake, na hapo hakuna faida ya mchele duniani itakayokuokoa.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba punguzo lazima liingie kwenye bei kabla hujajaza zabuni. Kama bidhaa zilikugharimu milioni 19, kuiuza hati ile kunakutia hasara ya 183,562. Wazabuni wengi wanashindana kwa bei ya mtu anayelipwa kesho, kisha wanalipwa mwezi wa nne.

Kuna jambo lingine kwenye tarakimu hizo ambalo sioni likizungumzwa. Mjadala wetu wote ni wa riba. Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025, na kila mara tunauliza kwa nini benki za biashara hazijashusha ya kwao. Ni haki kuuliza. Lakini tazama: kwenye hati yetu ya milioni 20, ukishusha riba kutoka asilimia 18 hadi 15, mfanyabiashara anaokoa 197,260. Ukiacha riba palepale na kufupisha siku kutoka 120 hadi 60, anaokoa 591,781. Ni mara tatu. Na siku haziamuliwi na benki wala na Benki Kuu. Zinaamuliwa na mnunuzi. Tumemkasirikia mtu wa tatu kwenye jambo la watu wawili.

Halafu kodi nayo ina tarehe. Aliyesajiliwa kwa VAT akimwuzia kampuni binafsi kwa mkopo anatakiwa kuwasilisha ritani na kulipa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mnunuzi awe amelipa au hajalipa. Asilimia 18 ya mzigo, ukitoa VAT aliyokwisha kulipa kwenye manunuzi yake, inatoka mfukoni mwa muuzaji kwenda TRA kwa ajili ya fedha ambazo bado ni maneno kwenye simu.

Nirudi kwenye yule aliyezunguka mara tano, maana hesabu yake ina shimo. Siku ya 150 inapofika, hati yake ya kwanza ndiyo kwanza inaiva. Nyingine nne ziko mikononi mwa benki, hazijaiva. Jumla ya zote ni shilingi milioni 100, na mgongoni mwa kila moja kuna sahihi yake. Kwa sheria ya hati, anayesaini mgongoni anakuwa mdhamini: mdaiwa asipolipa, mwenye hati anamrudia yeye. Kama hati zote tano ni za mdaiwa mmoja, na mdaiwa huyo akakwama, mtu mwenye mtaji wa milioni 17.5 anadaiwa milioni 100. Faida ya milioni sita na nusu haimfikishi popote.

Kwa hiyo swali la kwanza benki lisiwe "riba kiasi gani?" Liwe "mdaiwa asipolipa, mnanirudia?" Wakisema ndiyo, hujauza deni; umekopa kwa kutumia deni kama rehani, na mzigo wa hatari uko kwako kama zamani. Inaruhusiwa kusaini mgongoni na kuongeza maneno kwamba hutarudiwa, na benki ikikubali itakutoza zaidi kwa kubeba hatari hiyo. Mara nyingi bei hiyo inastahili kulipwa, hasa pale wateja wako wote wakiwa mmoja. Ujue pia kwamba hati ikikataliwa, mwenye nayo ana wajibu wa kukuarifu ndani ya muda unaofaa. Asipokuarifu, wewe uliyesaini mgongoni unaachiliwa, isipokuwa kama mkataba wa benki una mstari wa kuifuta haki hiyo nawe ukausaini bila kuusoma.

Mfano wa karibu wa karatasi iliyofanikiwa nusu ni stakabadhi ya ghala. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na ilifikiriwa vizuri: stakabadhi ina sehemu mbili, moja ya umiliki wa mzigo na nyingine ya rehani, ili mwenye mazao aweze kuchukua mkopo kwa sehemu ya rehani na bado auze mzigo wake baadaye bei ikipanda. Kyela kakao inauzwa kwa mfumo huo. Mkulima anapeleka kakao kavu kwenye AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, anapewa karatasi, anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na karatasi ile ilikuwa na thamani ambayo babu zetu waliopanda miti hiyo wasingeiamini.

Na bado wako wakulima wa Kyela waliouza kakao mbichi, ile wanayoiita njemke, kwa walanguzi waliopita majumbani usiku, kwa bei ya kutupa. Viongozi wanawalaumu kwa kukosa subira. Mimi naona wamepiga hesabu kama mtu yeyote mwenye mtoto anayetakiwa shule Jumatatu: fedha kidogo leo, au karatasi ambayo siku yake haijulikani. Kagera wana butura yao, Mtwara wana kangomba yao, ulanguzi wa jamii hiyo hiyo, na kote huko dawa iliyotumika kwanza ni polisi. Kama stakabadhi ingeweza kubadilishwa fedha siku ile ile ya kupima, hata kwa asilimia 60 ya bei ya mnada uliopita, mlanguzi asingekuwa na cha kuuza. Anachouza ni haraka.

Kwa nini haiwi hivyo? Sababu moja ni ya haki: bei inayopanda mara mbili kwa msimu inaweza pia kuanguka, na benki haitaki kubaki na ghala la kakao lisilofikia mkopo. Ile asilimia 40 inayobaki ndiyo kinga yake. Sababu nyingine naiona ya uvivu. Benki inapenda kushughulika na chama chote kwa mkataba mmoja kuliko na mkulima mmoja mwenye kilo 80, wakati simu hizo hizo za mkononi zinakopesha watu shilingi 5,000 bila mtu kuinuka kitini.

Wengine wameshapita njia hii. India walitunga sheria mwaka 2006 inayomtaka mnunuzi awalipe wafanyabiashara wadogo ndani ya siku 45, na akichelewa riba inakuwa mara tatu ya ile ya Benki Kuu yao, tena inayojilimbikiza. Sheria peke yake haikutosha, wanunuzi wakubwa wana mbinu nyingi. Kwa hiyo Benki Kuu yao ikaruhusu masoko ya mtandaoni, na la kwanza likaanza kazi mwaka 2017. Muuzaji anaweka ankara, mnunuzi anaikubali hapo hapo kwenye mfumo, kisha benki zinashindana kuinunua. Muuzaji analipwa na harudiwi. Mexico walikuwa wameanza kitu cha jamii hiyo mwaka 2001 kupitia benki yao ya maendeleo, NAFIN. Kote kuwili siri ni moja, kile kitufe cha mnunuzi cha "nakubali". Benki ikishaona kampuni kubwa imekubali, haiulizi tena kuhusu nyumba ya muuzaji, kwa sababu anayekopeshwa kwa hakika ni kampuni kubwa.

Hata jirani zetu hapa wametangulia kwa upande wao. Malawi walipata sheria ya rehani za mali zinazohamishika mwaka 2013, Zambia mwaka 2016, na ankara ni mojawapo ya mali ambazo mtu wa Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, anaweza kuzisajili rehani kwenye rejesta moja ya taifa. Sisemi kwamba benki za Nakonde zimejaa foleni za wafanyabiashara wenye ankara. Rejesta bila mdaiwa aliyesaini ni nusu ya safari tu.

Sisi tunao NeST tangu Julai 2023, na manunuzi ya umma yanapita humo. Tunao MUSE wa kulipia. Katikati ya mifumo hiyo miwili panahitajika hatua moja: ofisi iliyopokea mzigo ikubali ankara kwa tarehe, na ukubali huo uonekane kwa benki yoyote ambayo mzabuni ataichagua. Kiufundi ni kazi ndogo kuliko nyingi ambazo wahandisi wa mifumo yetu wameshazifanya.

Ugumu ni wa kisiasa, na tuuseme. Tarehe ni mamlaka. Mhasibu anayeamua nani alipwe kwanza mwezi huu ana watu wanaomsalimia kwa jina. Siku deni likishakuwa na tarehe, foleni inajipanga yenyewe, na salamu zinapungua. Jambo la pili ni zito zaidi: ofisi inayojua kwamba ukubali wake unaifunga haitaagiza mchele ambao fedha zake hazipo. Leo oda inatoka, mzabuni anakuwa benki ya Serikali bila leseni na bila riba, na mwakani tunasikia bungeni kwamba kuna malimbikizo ya madeni ya wazabuni. Ukubali wenye tarehe ungelihamisha tatizo kutoka mwisho kwenda mwanzo, pale lilipozaliwa.

Wapo watakaosema nafungua mlango wa utapeli, na hawajakosea kabisa. Hati za deni zikianza kuuzika, watu watatengeneza hati zisizo na mzigo nyuma yake: wewe unanisainia milioni 10, mimi nakusainia milioni 10, sote tunakwenda benki tofauti. London waliujua mchezo huo vizuri. Mei 1866 nyumba ya Overend, Gurney, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya kununua hati, ilisimamisha malipo ikiwa na madeni ya karibu pauni milioni 11, baada ya kuacha kazi iliyokuwa ikiijua na kujaza vitabu vyake mikopo mibovu na hati dhaifu. Huku nako tuna makovu ya karibu. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa ya wananchi wa Njombe. Kwa hiyo mnunuzi wa hati atake kuona hati ya kupokelea mzigo, risiti ya EFD, na karatasi ya mzani kama ni lori la mbao au mahindi. Karatasi za mzani wa Makambako ni ngumu kughushi kuliko urafiki wa watu wawili.

Serikali itachukua muda wake. Kwa mfanyabiashara binafsi hakuna cha kusubiri, kwa sababu Sura ya 215 haihitaji mfumo wala wizara. Maneno yenyewe yanatosha nusu ukurasa: "Tunaahidi bila sharti kumlipa (jina) au yeyote atakayemwelekeza shilingi (kiasi kwa tarakimu na kwa maneno) tarehe (siku, mwezi, mwaka), kwa thamani tuliyopokea." Sahihi, jina kamili, muhuri wa kampuni kama upo. Mwanasheria wa mjini hawezi kukutoza sana kwa kukuandalia nakala moja utakayoitumia miaka yote.

Tajiri wa Dar es Salaam atacheka. Atasema, "Kaka, tumefanya biashara miaka yote hii, leo unaniletea makaratasi?" Usibishane naye kuhusu uaminifu, mpe bei mbili. Mzigo wa mbao ni milioni 20 kwa kauli, na ni milioni 19.6 kwa anayesaini hati ya siku 60. Hati ile, kwa asilimia 18, itapunguzwa 579,945 na utapata 19,020,055 lori likiwa bado barabarani kuelekea Morogoro. Akikwambia atakupa hundi ya tarehe ya mbele, ipokee: sheria haiikatai kwa sababu hiyo, na ni bora kuliko simu, ila ujue benki yako huenda isiinunue kwa urahisi kama hati ya ahadi, na hundi ikikaa miezi sita baada ya tarehe yake inakataliwa kwa uzee. Na kama analikataa punguzo la laki nne ili tu asiandike siku atakayolipa, umejua bure kama anakopesheka, mbao zako zikiwa bado uwanjani Mafinga.